Vidonge Sita vya Ijumaa

Ijumaa usiku. Nimemeza vidonge vyangu sita vya ugonjwa wa ngozi baada ya kula, nikachora alama kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ya kumi na moja. Kiwiko cha kushoto kimelainika, cha kulia bado kina gamba la ukubwa wa sarafu. Kichwa tukiache kwanza.

Kichwani ndiko kulikoanzia, miaka minne nyuma, nami nikidhani ni mba. Dada anayenisuka ndiye aliyeshtuka. Aligawa nywele, akanyamaza, kisha akaninong'oneza wateja wengine wasisikie: "Dada, mba gani hii imeganda kama utando?" Alinisuka mpaka mwisho, lakini kile kitana akakiweka mbali na vyenzake, juu ya kopo la mafuta. Nilikitazama kwenye kioo mpaka tunamaliza.

Dukani wakasema fangasi. Nikapewa tyubu ya mchanganyiko, ile inayodaiwa kutibu kila kitu. Magamba yakapukutika, nikaacha kupaka, yakarudi. Shangazi akaleta mwarobaini. Halafu ikaja harusi ya binti ya mjomba, na mtu akanielekeza zahanati wanakochoma sindano "ya ngozi". Sikuuliza ni sindano ya nini. Harusini nilivaa mikono mifupi, nikacheza na kucheza. Wiki tatu baadaye magamba yalikuwa yametoka magotini yamefika kiunoni, na usiku nilikuwa nakung'uta shuka kama anayekung'uta unga.

Daktari wa ngozi hakuanza na magoti. "Nionyeshe kucha." Nikanyoosha vidole, vyote hina tupu. Akacheka, akaniambia nivue viatu. Kucha za miguu zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama zimedonolewa na ncha ya sindano. Nimeishi nazo siku zote, sikuwahi kuziona. Soriasisi, akasema. Kisha akaniuliza kama vidole hukakamaa asubuhi. Nikasema hapana. Nilipofika mlangoni nikarudi kumwambia kweli, kwamba kipindi cha kwanza chaki hunipa tabu kuishika. Kumbe swali lilikuwa zito: ugonjwa huu huingia hata kwenye viungo.

Alivyonieleza ni hivi. Ngozi ya mtu huzaliwa chini, ikapanda taratibu, na baada ya kama mwezi hupukutika bila mwenyewe kujua. Yangu inapanda kwa siku chache. Kinga ya mwili imepiga mbiu ya vita na adui hayupo, basi ngozi inakimbia kujijenga, inafika juu ikiwa changa na kurundikana. Haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kitana. (Hilo nilimwomba alirudie.) Dawa huituliza, haiing'oi. Na ile sindano, akasema, inawezekana kabisa ilikuwa ya steroidi, dawa kali ya kutuliza kinga ya mwili: soriasisi hutulia upesi kwa dawa hiyo, lakini dawa ikikatizwa ghafla hurudi na hasira.

Nikamuuliza mbona picha nilizotafuta kwenye simu zote zina mabaka mekundu na yangu ni ya zambarau inayoelekea kahawia. Akajibu kwamba picha nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha, na gamba likiondoka huacha doa jeusi linalokaa miezi. Watu huliona doa wakadhani ugonjwa upo palepale. Mama yangu mmojawapo.

Kwa viwiko nilipewa krimu ya klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, wiki mbili, kidogo, usoni marufuku. Nilipoitaja dukani, dada wa kaunta alinikonyeza: "Unataka kung'aa?" Maana ndiyo hiyohiyo watu wanayotia kwenye mkorogo na kujipaka mwili mzima kwa miezi, mpaka ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mimi nimehesabiwa siku, wao wanapaka kama losheni. Nilimjibu vibaya. Sijutii sana.

Vidonge vya Ijumaa ni methotrekseti. Hupunguza ukali wa kinga, kwa hiyo kila baada ya muda natolewa damu kupima ini na chembe za damu, pombe hapana, mimba hapana. Jumamosi namezea foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake. Daktari alinisemesha mara tatu, kama mtoto wa chekechea: kila siku? Hapana, kila Ijumaa. Nilimwona ana makuu. Nikaenda kuchukua dawa, mtoa dawa akaandika juu ya bahasha, kwa mazoea tu, *6x1*. Sita kila siku. Nilisimama pale dirishani nikiitazama ile bahasha, foleni ikinisukuma nyuma. Methotrekseti ya kila siku kwa mtu kama mimi huua uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, na mtu akafa. Nikairudisha. Akaisoma, akatoa kalamu, akafuta bila kusema neno, mkono ukimtetemeka. Bahasha ile ninayo bado, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kesho naenda kusukwa, kwa dada yuleyule. Nimenunua kitana changu mwenyewe, cha rangi ya machungwa. Kiko kwenye mkoba, na sijaamua kama nitakitoa.