Risasi za .357 zilivyogoma kuingia kwenye silinda

Rivolva yangu, yaani bastola yenye silinda ya matundu ya risasi inayozunguka, ni ya risasi za .357 Magnum, ninaimiliki kwa kibali, na shabaha hufanya na risasi ndogo za .38 Special kwa sababu ni nafuu na haina kishindo cha kutisha. Wiki iliyopita nikajaribu kuweka .357 zenyewe. Zinaingia nusu, zinakwama. Nikalaumu risasi, nikalaumu hata joto la Dar.

Nikampelekea fundi silaha mmoja mzee huku Upanga. "Shikamoo mzee, silinda imepinda." Akacheka. "Haijapinda kijana wangu, imekula masizi."

Kumbe .38 ya mwaka 1898 na .357 ya 1935 zina kipenyo kimoja, ila ganda la .357 limerefushwa kama milimita 3.4, makusudi, isiingie kwenye bastola dhaifu za .38 zisizohimili msukumo wake. Ukipiga ganda fupi la .38 mara nyingi, mbele yake ndani ya tundu hujengeka pete ya masizi. Ganda refu likija, linagonga hapo.

Nikahakikisha silinda ni tupu, nikapaka dawa ya kusafishia, nikaacha robo saa, nikasugua kila tundu kwa brashi ya shaba. Matundu sita, mkono ukauma. Zikaingia laini.

Karabini (bunduki fupi) za .357 nazo hula zote mbili, ingawa baadhi husumbua kulisha ganda fupi. Lakini kubadilishana risasi za 9 mm na .380? Usijaribu, japo risasi zenyewe unene wake ni uleule. Soma maandishi kwenye mtutu.