Chupa ya soda pale ngazini

Hii stori mdogo wangu mwenyewe haijui yote. Kwetu Lamu, Mkomani, mchana ulikuwa ule ule kila siku: baba akirudi msikitini adhuhuri tunakula, wadogo wanalazwa, na mimi wa miaka 13 natumwa dukani. Siku hiyo ilikuwa mafuta ya taa ya stovu. Tulikuwa tukiyatia kwa chupa ya soda, mtaa mzima ndivyo walivyofanya, kizibo chenyewe karatasi imesokotwa. Narudi nikasikia wenzangu wanapiga mpira, nikaiweka chupa ngazini pale kiwandani, yaani uani mwa nyumba, nikatoka mbio.

Mdogo wangu huyo alikuwa na mwaka na nusu hivi, kaamka na kiu yake, kaona chupa ya soda. Basi.

Ukemi wa bibi ndio ulonirudisha. Namkuta mtoto anakohoa mpaka macho yamemtoka, fulana imelowa kifuani, na bibi kashika kikombe cha maziwa mkono huu, kidole cha mkono wa pili chaelekea kooni amtapishe. Jirani yetu nesi akatokea juu kwa wikio, kile kivuko cha juu kinachounganisha nyumba mbili, hata buibui hajavaa, "Bibi, wata! Usimtapishe!" Akasema yakiwa tumboni afadhali, yakipanda tena yakaingia mapafuni hapo ndipo penye hatari, na maziwa pia asipewe. Akamvua fulana, akamuosha kwa sabuni, akasema hospitali sasa hivi. Na mjini kwetu gari la kukimbizia mgonjwa ni miguu yako, baba akamtia begani, tukapishana na punda wa mchanga vichochoroni, mimi nyuma nalia na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Wakampiga picha ya kifua wakamlaza, nesi akawa anakuja kuhesabu pumzi zake saa baada ya saa. Kila akicheua, chumba kizima chanuka stovu.

Usiku baba akauliza, sauti ya chini kabisa, "Nani alieka chupa pale?"

Mama akasema, "Mimi. Nilisahau." Wala hakunitazama.

Kesho yake alhamdulillahi tukarudi naye nyumbani, anataka mahamri. Jikoni nikakuta kibuyu cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha kimetundikwa msumarini, juu hata mimi sikifikii bila kigoda. Mama akanipa pesa za mafuta kama kawaida.