Haya

Ijumaa, saa nne na nusu usiku. Watoto wamelala, Baba Watoto bado yuko mpakani anahangaikia karatasi za lori la mtu, na mimi nimekaa jikoni na simu nikitaka kuandika kuhusu neno moja. Neno lenyewe ni "haya". Siku ya tano hii linanizunguka kama nzi.

Jumatatu nilikwenda msibani kwa Mzee wa Redio, yule fundi redio aliyedondoka Jumamosi na mimi nikambonyeza kifua. Binti yake mkubwa, yule wa Kampala, alikuwa mlangoni anapokea wageni. Akanishika mkono, akaniangalia usoni kama askari wa mpakani anayelinganisha mtu na kitambulisho chake.

"Wewe ndiye mwalimu uliyemkalia Baba kifuani?"

"Sikumkalia, dada. Nilipiga magoti pembeni."

"Haya."

Akaniachia mkono, akampokea aliyekuwa nyuma yangu. Basi, ni hayo tu. Jumanne barua ya kuthibitishwa kazini ikafika baada ya miaka ya kuambiwa ipo njiani, Jumatano mdogo wangu akajifungua binti kule Tororo, wazima wote, alhamdulillah, na katika furaha zote hizo mimi nilikuwa naosha vyombo huku nasema peke yangu: haya. Haya? Haya!

Mnajua kazi yangu. Tangu serikali yetu ya Uganda ilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima shuleni, mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto 80 nikiwaambia kwamba kila neno lina nyumba yake. Sasa hili lina nyumba ngapi? Kuna haya ya mama anayemruhusu mtoto atoke akacheze. Kuna haya ya utingo anayegonga ubavu wa gari ili liondoke. Kuna haya ya mtu aliyechoka kubishana, ambayo maana yake ni "sikuamini, lakini nina wageni wengine". Kuna haya ya mambo haya, maneno haya, makosa haya. Labda alikuwa anaanza sentensi akakatizwa. Halafu kuna ile haya yenyewe, soni, ile tunayosema fulani hana. Hiyo ndiyo iliyoniamsha saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne.

Baba Watoto anasema mimi ni mgonjwa. Anasema huyo binti amekulia Kampala, na Kiswahili chake ni cha Kampala, yaani kile walichokisikia wazee wao kutoka kwa wanajeshi kizuizini: simama, lala chini, leta, haya! Kwa hiyo huenda alimaanisha "pita ndani" tu. Inawezekana. Lakini "uliyemkalia" alilisema vizuri mno, na kirejeshi, ile "-ye-", mahali pake. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawawezi.

Na sikumkalia! Wale mlionisoma mwezi wa tatu mnakumbuka yule mwanasesere asiye na miguu aliyeletwa shuleni na nesi, ambaye wanafunzi walimbatiza jina Mwalimu wa Zamu kwa sababu alikuwa amelala saa za kazi. Nesi alituambia kwamba mwanasesere wa aina ile alitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960 na Mnorwe aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, Åsmund Laerdal, na uso aliompa ulitokana na kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye inasemekana alizama katika mto Seine, Paris. Wetu alikuwa hana hata uso huo, alikuwa na shimo la mdomo na macho ya kuchora. Tulimpigia magoti mmoja mmoja, ubavuni. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili ushuke kutoka mabegani. Kina cha sentimita 5, kisizidi 6. Kifua kirudi juu chenyewe kabla hujabonyeza tena. Mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Nani aliyesema kukalia?

Hapo kwenye kuhesabu ndipo nilipomfundisha nesi kitu, niruhusuni nijisifu kidogo. Unatakiwa uhesabu mpaka 30, halafu pumzi mbili. Mara mbili kwa sekunde, moja, mbili, tatu, nne, inakwenda vizuri. Ukifika kumi na saba ulimi unabaki nyuma ya mikono, na mikono, kwa adabu, inausubiri. Darasa zima tulikuwa tunapunguza mwendo kwenye kumi na tisa kama boda inayopanda kilima. Nikasema tuhesabu moja mpaka kumi mara tatu. Nesi akaliandika hilo kwenye daftari lake. Nyumbani nikafanya mazoezi kitandani na mto, nikagundua godoro linanila nguvu zote. Mto unashuka, godoro linashuka nao. Ndiyo maana huwa wanasema mtu awe kwenye kitu kigumu, chini.

Kwa hiyo Jumamosi ile Mzee wa Redio alipodondoka kutoka kwenye benchi lake pale karibu na stegi ya boda, bisibisi bado mkononi, jambo la kwanza nililolisema ni "mlazeni chini". Maana walikuwa wamemkalisha. Mmoja anammwagia maji usoni, mmoja anampepea kwa kifuniko cha ndoo, mwingine amekwenda kutafuta kitunguu cha kunusisha. Nikamtikisa mabega, nikamwita: Mzee, Mzee. Nikatazama kifua kwa sekunde zile 10 nilizofundishwa. Kimya. Nikampa simu msichana wa ndizi apige kituo cha afya, nikapiga magoti. Ubavuni. Nilikuwa nimevaa dera jipya na nilipiga magoti kwenye maji waliyommwagia, na ubavuni nilikuwa.

Kitu kililia ndani kwenye mbonyezo wa tano au wa sita, kama kijiti kikavu. Nesi alishatuambia mbavu zinaweza kuvunjika na hiyo si sababu ya kuacha. Kusikia darasani ni kitu kimoja. Moja mbili tatu nne. Nyuma yangu mama mmoja anasema anamuua, jamani, anamuua. Nikamwambia kijana wa viazi aje anipokee maana mikono ilikuwa inatetemeka, akatazama viatu vyake.

Hapa ndipo nilipotaka kumaliza, niwaulize ninyi mnaonaje, hiyo "haya" ni ipi. Nimekwishaandika na kufuta mara mbili. Sasa niandike na ile sehemu ambayo sikumwambia binti, wala Baba Watoto, na sikuiweka kwenye andiko la juzi.

Mzee alivuta hewa. Kidevu kiliinuka, mdomo ukafunguka, ukatoka mkoromo. Watu wakapiga kelele za shangwe. "Anapumua! Mwacheni mzee wa watu apumue!" Na mimi nikaondoa mikono.

Mwezi wa tatu nesi alisema, na nikaandika, na nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu: moyo ukisimama mtu anaweza kukoroma, kufungua mdomo mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini. Si kupumua huko. Usidanganyike, endelea. Mimi nimezaliwa Majanji. Nimekulia ufukweni nikimsaidia baba kuhesabu sangara kwenye mitumbwi, na sijawahi hata siku moja kumwona sangara anafungua mdomo juu ya mbao nikasema huyu anapumua, mwacheni.

Lakini walikuwa wamefurahi sana. Na mimi nilikuwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza tangu nipige magoti hakuna aliyesema naua mtu. Mtu akanipa maji ya kunywa, nikapokea. Nikasema "subirini kwanza". Nikangoja pumzi ya pili. Ilikuja, mbali mno na ya kwanza. Nikangoja ya tatu. Haikuja, ndipo nikarudisha mikono.

Simu inaonyesha msichana wa ndizi alipiga saa tano na dakika 14. Saa tano na dakika 23 Baba Watoto alinipigia sikupokea, na wakati huo boda ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka na Mzee. Kwa hiyo ni dakika 9, ukitoa ule muda. Jana usiku nimejaribu kuupima ule muda kwa saa ya simu, nikiwa nimepiga magoti sakafuni kama mwehu: shangwe, maji, "subirini", mkoromo, kimya. Mara ya kwanza nilipata sekunde 35. Mara ya pili 50. Nikaacha.

Najua mtaniambia nini. Kwamba kubonyeza kifua ni kusukuma damu ifike kichwani mpaka mwenye mashine ya kushtua moyo afike, na mashine hiyo mimi sijawahi kuiona popote hapa mjini. Kwamba alipakiwa kwenye boda katikati ya watu wawili, na kwenye boda hakuna anayebonyeza chochote. Kwamba alifika ameshakata roho. Yote najua. Binti alinituhumu kosa ambalo sikulifanya, nami nikalikana upesi, kwa sauti ya mtu aliyeona kwenye mtihani swali pekee alilolisoma. Nadhani aliisikia ile sauti.

Basi, jana kabla ya hayo ya usiku, natoka shule, kijana wa boda aliyembeba Mzee akazima injini mbele yangu. Huyu ndiye aliyesifiwa msibani mpaka akapewa kuku, na nisiwadanganye, yule kuku naye aliniuma.

"Mwalimu, ile ya kupampu unaifundisha kwa bei gani?"

"Roleksi moja, chapati ya mayai mawili."

Alidhani natania. Tukaenda stegi, wakafungua kiti cha boda moja, wakakilaza chini ya mwembe, kigumu kiasi, kina sponji ya kushuka sentimita zake. Walikuwa sita. Nikawaeleza kwamba mtu mzima akianguka ghafla hivi mbele yako, mikono peke yake inatosha kama hujajifunza pumzi au huziwezi. Ila mtoto, au mtu aliyetolewa ziwani, huyo amekosa hewa kwanza, pumzi zinamhusu sana. Na kwamba wabadilishane kila dakika mbili, maana aliyechoka haoni kwamba hashuki tena. Nikawaeleza na ule mkoromo. Hapo sauti yangu ikakwama kidogo, wakadhani ni vumbi.

Mmoja akahesabu kwa Kiganda, emu, bbiri, ssatu, wengine wakambishia kwamba Kiganda kinachelewesha, ukazuka ugomvi wa lugha wa dakika nzima ambapo mgonjwa wetu wa sponji alifariki mara kadhaa. Mwingine akauliza: na kama aliyeanguka ni mwanamke? Kifua ni kifua, nikamjibu. Na kama mke wangu anapita? Basi mpe zamu yake, na yeye abonyeze. Walicheka mpaka abiria mmoja akakata tamaa akaenda kwa miguu. Na mimi nilicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Waliposimama wote, yule kijana alibaki amepiga magoti anaendelea. Vizuri, viwiko vimenyooka, moja mpaka kumi, moja mpaka kumi. Kisha akasimama, akajigusa bega la kushoto.

"Kichwa chake kilikuwa hapa, Mwalimu. Njia nzima. Nilikuwa nadhani ananiongelesha."

Sikujua la kusema. "Haya," nikasema. Lilinitoka tu, na mpaka sasa sijui ni lipi kati ya yote. Mteja akaja, akakifunga kiti, akaondoka. Roleksi ananidai nikaichukue Jumatatu, kama ni deni langu au lake hata sielewi.

Binti amesharudi Kampala, nasikia aliondoka na taksi ya Jumatano alfajiri. Redio ambazo Mzee hakumaliza kutengeneza ziko ndani ya kibanda na wenyewe wanapita wanachungulia.

Nimetoka sasa hivi kuingiza vyombo. Ukuta wa jirani wa kushoto umepakwa X nyekundu, wale watu wa kupima barabara walipita mchana. Wa kulia umepakwa pia. Wetu, ulio katikati na mstari mmoja nao, hauna kitu. Nimempigia Baba Watoto, anasema hiyo ni habari njema, nikalale. Nimeigusa ile ya kushoto kwa kidole. Rangi bado mbichi.