Mahindi ya Kuchoma

Jana jioni binti yangu aliniuliza kwa nini napukuchua mahindi ya kuchoma punje kwa punje kama kibogoyo, ilhali meno yote ninayo. Nilicheka, lakini swali lake lilinirudisha kwenye kiti cha daktari wa meno, nikiwa na miaka 16, mzee wangu amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nilikwenda kwa ajili ya sura. Taya la chini lilikuwa limechomoza, shuleni nikaitwa Kidevu, nami niliamini kwamba kisu kingemaliza maneno. Daktari hakuutazama sana uso wangu. Alikata ukanda mwembamba wa karatasi, akauweka kati ya meno yangu ya mbele, akasema, "Ng'ata kwa nguvu." Niling'ata hadi misuli ya mashavu ikatetemeka na magego yakagusana barabara, naye akauvuta ukanda ule kwa vidole viwili, taratibu, ukateleza ukatoka bila alama hata ya jino moja. Akaurudisha, akauvuta tena, safari hii akimtazama mzee. Ndipo mzee alipoelewa kwa nini miaka yote hiyo nilikuwa nikirarua chapati kwa meno ya pembeni, jambo ambalo nyumbani liliitwa utovu wa adabu.

"Mzee," alisema daktari, "waya zitasogeza meno, taya hazitalisogeza. Kijana atahitaji upasuaji, ila si sasa, kwa sababu mfupa bado unakua, na tukiukata leo huenda kesho ukachomoza tena."

Nilipigwa eksirei ya uso upande, ikarudiwa kila mwaka hadi picha mbili zikalingana, ishara kwamba mfupa umekoma kukua. Waya mwaka mmoja na nusu, upasuaji kupitia ndani ya kinywa nikiwa na miaka 21, vibati na skrubu za titani za kuushika mfupa, kisha wiki kadhaa za uji mwepesi: hayo yote yalipita upesi kuliko kule kungoja.

Mdomo wa chini, upande wa kushoto, una ganzi mpaka leo, ndiyo maana sikujua kwamba punje imenigandia hadi binti aliponifuta. Kung'ata naweza, mkono tu ndio haujapata habari. Ama kama nilipasuliwa kwa sababu ya karatasi ile au kwa sababu ya jina la Kidevu, sijawahi kujijibu sawasawa.

Binti ana miaka 9, na kidevu ni changu. Nilikata ukanda wa karatasi nikamwambia aung'ate. Akaangua kicheko, ukaponyoka, nisijue ni meno au ni kicheko.