Meno ya paleti kwenye trekta dogo: pini zote nne zimeingia

Zimeingia. Pini zote nne zinazofunga fremu ya meno kwenye loda, yaani mikono ya kunyanyulia iliyo mbele ya trekta, kwa mkono, nyundo ikiwa imelala chini. Wakuu, niliwaita hadi vijana wa msumeno waje washuhudie pini inavyopita kwenye tundu. Waliangalia, wakasema "hongera bosi", wakarudi kazini. Mtu ambaye hajawahi kupigana na bushi (bomba fupi la chuma ambamo pini hupita) iliyovutwa na moto hawezi kuelewa.

Kazi ya meno haya ni mbao. Hapa Mafinga paina ndiyo inayotuweka mjini, na mbao mbichi zina maji mengi kiasi kwamba rundo lilelile likishakauka linaweza kupungua karibu nusu ya uzito. Sisi tunazihamisha zikiwa nzito kabisa, kutoka msumenoni hadi banda la kukaushia. Baketi ya loda haibebi mbao za futi 12 bila kuzimwaga, na mambo ya minyororo nimeyachoka.

Meno yenyewe sikuyatengeneza, na hapa najua tutabishana. Wengi wanachomelea skwea paipu ya 100 kwa 50, unene milimita 6, na kwa trekta dogo hesabu inakubali. Ukiilaza inaingia kwenye paleti vizuri. Ukiisimamisha haingii, maana uwazi wa paleti ya Ulaya una kimo cha milimita 100 tu. Shida yangu ni kona. Pale jino linapokata kwenda juu ndipo mzigo wote unapolemea, na kwenye skwea paipu ndipo hapohapo ulipo mshono. Jino la foklifti ni chuma kimoja, kimekunjwa kwa moto na kutiwa ugumu. Nikachukua jozi ya mtumba kwa wauza skrepa, daraja la pili (ni ukubwa wa fremu linayoning'inia, si ubora), urefu sentimita 107. Nenda na venia, kile kipimo cha unene, usiende na macho: pima unene wa kisigino, pale kwenye kona, ulinganishe na shina, ile sehemu iliyosimama, kule juu ambako hapaliki. Kisigino kikiwa kimelika asilimia 10, liache hukohuko. Na usilichomelee kitu chochote, hata kipande cha mnyororo, kwa sababu moto unaua ule ugumu.

Gharama yake ni uzito. Jino moja linapita kilo 40. Loda yangu inanyanyua kama kilo 500 zikipimwa kwenye pini, lakini mzigo wa paleti haukai kwenye pini, katikati yake iko zaidi ya nusu mita mbele. Ondoa meno, ondoa fremu, ondoa huo umbali, nimejiwekea mpaka wa kilo 250. Kwa mbao mbichi ni rundo dogo, lakini ni rundo ambalo hakuna mtu anayelibeba begani.

Fremu haina maajabu. Flati ba nene mbili za kulala, ya juu ya kuning'inizia na ya chini ya kuegemea, milimita 407 kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini kama daraja la pili linavyotaka. Nguzo za chaneli. Nyuma yake mabamba ya milimita 12 yenye bushi: mbili za chini za mikono ya loda, mbili za juu za silinda za kuinamisha.

Bushi hizo ndizo zilizonila wiki zangu.

Mshono ukipoa unajivuta, na unavuta bamba kuelekea upande wake. Kila mtu anayeshika rodi analijua hilo. Kinachouma ni jinsi kosa dogo linavyotosha. Bushi ya urefu wa milimita 60 ikiinama digrii moja, tundu linahama milimita moja kutoka mdomo wa kwanza hadi wa pili, wakati nafasi kati ya pini na bushi ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kabla ya kuchomelea, pini zinateleza. Baada ya kuchomelea, mbili za chini zinaingia, ya juu kushoto inaingia kwa kelele, ya juu kulia inafika katikati inagoma. Nilipasha joto upande wa pili wa bamba hadi likawa jekundu, nikaliacha lijivute lenyewe. Likarudi. Kulia pini ikaingia, kushoto ikagoma.

Ushauri niliopewa na kila anayepita ni "panua tundu". Hapana. Kutoka pini ya chini hadi ya juu ni kama sentimita 20, na kutoka pini hadi ncha ya jino ni zaidi ya mita moja. Mchezo wa milimita moja kwenye pini ya juu unakuwa milimita tano au sita kwenye ncha, na tundu lililopanuliwa kwa grainda halina uduara, linakula pini kila siku. Nikakata mabamba yote, nikaanza upya.

Safari hii jigi, yaani kishikio cha kuweka vipande mahali pake, ilikuwa trekta lenyewe. Mabamba niliyafunga kwenye mikono ya loda kwa pini zake, nikasogeza fremu, nikashikiza kwa nukta tu. Kabla ya hapo toeni waya wa betri, na klampu ya ethi iwe kwenye fremu karibu na mshono, umeme usipite kwenye pini wala beringi. Shafti za silinda zifunikeni kwa magunia mabichi. Cheche moja ikiganda kwenye ile kromu, sili inachanika na mafuta yanaanza kuvuja.

Kisha fremu ikashuka chini, nikapitisha shafti moja ndefu kutoka bushi ya kushoto hadi ya kulia, juu moja na chini moja. Nikaweka engo (chuma cha pembe) ya muda kati ya mabamba, nikachoma mishono mifupi, kushoto kidogo, kulia kidogo, nikisubiri mpaka bamba linashikika kwa mkono. Siri kubwa ipo hapa: bushi ikichomelewa kuizunguka, tundu lake linabana, na shafti inaweza kugandia humo moja kwa moja. Kwa hiyo shafti niliivika bati la kopo la soda kila palipo na bushi. Kazi ilipopoa kabisa, nikachomoa shafti kwa kuizungusha, mabati yakatoka yamechanika, na ile nafasi ikabaki.

Rodi: 6013 kwa kushikiza na kwa engo za muda, 7018 kwa kila kinachobeba mzigo. Lakini 7018 iliyokaa wazi kwenye baridi na ukungu wa huku Mufindi ni hasara, inavuta unyevu na mshono unaweza kupasuka baadaye. Ipashwe joto kwanza. Mashine yangu ni inveta ndogo, na sina nia ya kurudi kwenye lile dude la koili linalozimisha taa za jirani. Grainda ya bei rahisi nayo nimeshaizika.

Jaribio la kwanza: paleti ya mbao mbichi, kilo 200 na kitu. Meno yakanyanyua, ncha zikatulia, na tairi za nyuma zikawa nyepesi hadi usukani ukaniambia niteremshe. Mpango ulikuwa nianze rangi na kizuizi cha kuzuia meno yasiteleze pembeni. Badala yake nimechukua nusu pipa, nikapitisha pini za pointi tatu, zile za kufungia vifaa nyuma ya trekta, humo ndani, nikajaza zege. Nusu ya pipa la lita 200 ni karibu kilo 240, inakaa nyuma kabisa ya ekseli, na trekta limekuwa kitu kingine.

Na zege likiwa halijakauka nikaona upande mmoja wa pipa una nafasi ya kuchomelea soketi ya ndoano ya kuvutia magogo. Bamba nimeshalikata. Kizuizi cha meno kwa sasa ni boliti mbili na klampu, rangi itafuata.