Alama Tisa Zilizorudi

Ijumaa usiku, baada ya Isha.

Asubuhi, kabla hata sijateleka chai, nimekuta ujumbe kwenye simu kutoka mtandao ninaochezea sataranji. Wameandika kwa adabu: mmoja wa wapinzani wangu wa karibuni amepatikana akikiuka uchezaji wa haki, akaunti yake imefungwa, na mimi nimerudishiwa alama tisa za kiwango changu cha uchezaji, nilizopoteza kwake. Hawakumtaja. Lakini nilimjua palepale, hata kabla ya kufungua orodha ya michezo yangu na kuona jina lake limefungwa.

Wiki tatu zilizopita mtu huyo alinifunga mchezo ambao nilikesha nao. Nilikuwa nimemshika vizuri, nina askari mmoja zaidi, malkia wangu amekaa pazuri. Akamtoa farasi. Alimweka mbele ya askari wangu bure kabisa, bila kula kitu. Nikamla. Hatua sita baadaye ndipo nikaona: mfalme wangu amezibwa pembeni na kete zangu mwenyewe, wala hana pa kupenya. Sikukasirika. Nilifurahi, wallahi, kama mshairi aliyejibiwa na hasimu yake kwa ubeti uliomzidi. Nikaunakili mchezo wote kwenye daftari langu la jalada la kijani, pembeni nikaandika "Mashaallah", na Jumamosi iliyofuata nikaupeleka darasani. Nina wasichana wanane, wa miaka 9 hadi 14, tunakaa dakani kwa mama hapa Langoni, Lamu, na mbao nne. Nikawaambia, tazameni mtu huyu alivyofikiri.

Kumbe hakuna mtu aliyefikiri. Alama tisa sikuzihitaji. Nimeumia kwa lile neno nililowaambia watoto.

Kwa asiyecheza, nieleze kidogo. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, mjini New York, na tangu hapo pengo kati ya mtu na mashine limezidi kupanuka. Wakati ule ilikuwa mitambo ya kujaza makabati. Leo kuna Stockfish, programu ya bure, inayoingia kwenye simu hizi za kulipia kidogo kidogo, na inamzidi kwa mbali Magnus Carlsen, bingwa wa zamani wa dunia, ambaye mwaka 2014 alifikisha alama 2882, kiwango ambacho hakuna binadamu mwingine aliyewahi kukifikia. Kwa hiyo anayetaka kuniibia anahitaji simu mbili tu. Moja ya kuchezea, nyingine ya kuuliza.

Nimekumbuka leo kisa cha yule mwanasesere wa Vienna. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa sanamu ya mbao yenye kilemba, imekaa nyuma ya sanduku, inacheza sataranji. Ilizungushwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi ikishinda watu. Ndani ya sanduku alijificha mchezaji hodari, mtu wa damu na nyama. Wale walilipa kiingilio waione mashine, wakapewa mtu. Mimi nilikaa nikidhani nacheza na mtu.

Mchana nimeurudia ule mchezo, nikatazama saa, muda aliotumia kwa kila hatua. Sekunde saba, nane, sita, nane, saba. Kuna mahali mfalme wake alikuwa anashambuliwa na ana nyumba moja tu ya kukimbilia, jambo ambalo hata msichana wangu wa miaka 9 angelicheza bila kufikiri. Alikaa sekunde saba. Na yule farasi aliyenikesheza, sekunde nane. Binadamu hachezi hivyo. Binadamu hurukia lililo rahisi, na kwenye gumu hukwama, akajikuna, akarudi nyuma. Ilikuwa mbele ya macho yangu wiki tatu nzima na sikuiona, kwa sababu nilikuwa nimependa.

Wanaolinda mitandao hii hutazama mambo ya namna hiyo, na zaidi hulinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo injini, yaani programu kama Stockfish, ingezichagua, mchezo baada ya mchezo, kwa hesabu za uwezekano. Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, amezishughulikia hesabu hizo miaka mingi. Mchezo mmoja hautoshi kumtia mtu hatiani. Hata mimi nina siku moja au mbili katika umri wangu nilizocheza kama nimepandwa na jini. Huhitajika michezo mingi ndipo sura ijitokeze.

Wangapi wanaiba? Katika ripoti yake ya Oktoba 2022, Chess.com, mtandao wa kuchezea sataranji, ilikadiria kwamba hawafiki hata asilimia 0.14 ya wachezaji wake. Ni kidogo. Lakini wachezaji ni mamilioni, na mimi hucheza kila usiku baada ya kulaza watoto. Kwa hesabu hiyohiyo nitakuwa nimeshakutana nao mara kadha, nikawapongeza. Na sisi ni wachezaji wa kujifurahisha. Hakuna zawadi, hakuna kombe, hakuna hata mtu anayetazama. Ndilo swali nililokuwa nikiliuliza kwa sauti leo mchana kwa mama, tumezunguka sinia ya pilau: mtu aibe nini, na hapa hakuna kitu?

Mtoto wa kakangu, ana miaka 15, akaacha kula. Sikulitilia maanani. Baada ya kunawa akanifuata hadi ngazini.

"Shangazi, na mimi walinifungia."

Ndipo nikaelewa kwa nini mwezi uliopita alisema amechoka na sataranji. Mimi ndiye niliyempa ile simu yangu kuukuu. Nikamuuliza ni mara ngapi.

"Mara mbili tatu. Nikibanwa tu. Na wangine wote watumia."

"Nani wote?"

Akanyamaza. Nikamuuliza kama alifurahi aliposhinda. Akasema ile mara ya kwanza, ndiyo. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani mpaka saa hizi: baada ya hapo kila alipocheza mwenyewe na kushindwa, alikuwa akijiambia, naweza kumaliza hili kwa sekunde moja. Na kila aliposhinda kwa akili yake, haikumtosha.

Nilidhani ningemgombeza. Nilijiandalia maneno tangu asubuhi kwa yule mwizi nisiyemjua, na sasa mwizi amesimama ngazini kwa mama, mkono unanuka pilau, anatazama chini. Mtoto huyu hacheki sana shuleni. Mpira hawezi. Kinachomtambulisha ni ile namba ya alama zake iliyoandikwa mbele ya jina lake. Wenzake humwita "yule wa sataranji", na namba ikishuka anahisi jina nalo linashuka. Kwa hiyo swali langu la kwenye sinia lilikuwa la kijinga. Kulikuwa na kitu cha kuiba.

Simtetei. Nimemsimulia habari za Hans Niemann, kijana wa Kimarekani. Septemba 2022 alimshinda Carlsen mjini St. Louis kwenye ubao wa kweli, ana kwa ana. Carlsen akajitoa kwenye mashindano. Niemann mwenyewe akakiri kwamba alipata kuiba mtandaoni akiwa na miaka 12, na tena akiwa na 16, lakini akashikilia kwamba ubaoni hajaiba kamwe. Ripoti ileile ya Chess.com ikasema michezo yenye shaka ilikuwa mingi kuliko aliyoikiri, zaidi ya 100. Kuhusu ule mchezo wa St. Louis, hakuna aliyeleta ushahidi wa wizi. Inawezekana kabisa alicheza mwenyewe, siku bora ya maisha yake, akamshinda bingwa wa dunia, na dunia haikumwamini. Nikamwambia mwanangu, wewe una miaka 15, siku yako hiyo bado iko mbele.

Akaniuliza, "Sasa mimi hawataniamini tena?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia mimi namwamini kwamba amesema kweli leo.

Wako wanaosema dawa ni kurudi kwenye ubao na kuachana na mtandao. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 2015 bingwa wa Georgia, Gaioz Nigalidze, alinaswa Dubai akienda chooni mara kwa mara katikati ya mchezo. Simu ilikuwa imefichwa humo, imefunikwa karatasi. Mwaka 2019 Igors Rausis, mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji na miaka yake karibu 60, alikutwa Strasbourg na simu chooni, akavuliwa cheo na kufungiwa miaka sita. Hao ni mabingwa, kwenye kumbi zenye waamuzi wa kimataifa. Kwenye mashindano yetu madogo, ya ukumbi wa shule na feni moja, hakuna mashine ya kupekua mtu, na mwamuzi mmoja anaangalia meza thelathini. Choo kiko nyuma ya jengo. Mtu akitaka, ataweza.

Lakini kisa kinachonihusu mimi ni cha Nairobi, Aprili 2023, mashindano ya wazi ya Kenya. Kijana wa kiume wa miaka 25 alijiandikisha kitengo cha wanawake kwa jina la kike, akavaa buibui na nikabu na miwani, hasemi na mtu. Akaanza kuwapiga wachezaji wazito. Waamuzi walisita kumuuliza, wakichelea kumvunjia heshima mwanamke wa Kiislamu. Waliposhtuka zaidi wakamweka kando, akakiri, akasema ni shida za pesa. Habari ikazunguka dunia nzima, na watu wakaicheka sana.

Mimi huvaa nikabu. Sikucheka.

Mwaka uleule niliwapeleka wasichana watatu kwenye mashindano ya watoto, mji mwingine, waandaaji siwataji. Mlangoni mwanamume mmoja akanyoosha kidole: "Nyinyi wa buibui, funueni kwanza tuwaone." Mbele ya foleni, mbele ya wavulana. Kulikuwa na wanawake wawili kati ya wasimamizi, na chumba kitupu hatua kumi tu pale. Ningeingia kwa moyo mkunjufu. Kuhakikisha mtu ni nani ni haki yao, na baada ya Nairobi nisingelalamika hata kidogo. Hawakufikiria. Msichana wangu wa miaka 13 akashinda mchezo wa kwanza kwa hatua 22, vizuri sana, nikasikia mzazi wa mpinzani wake akisema hadharani, "Huyo mhakikisheni ni msichana kweli." Mtoto alisikia. Michezo mitatu iliyofuata alipoteza yote. Nilimtazama akicheza: mkono mmoja unasukuma kete, mwingine umeshika ushungi chini ya kidevu, kama kuna mtu atakayeuvuta. Hajaenda mashindano tena tangu siku hiyo.

Wasemao samaki mmoja akioza huoza wote hudhani wanasema juu ya samaki. Mtoto yule hakuoza kitu. Alitupwa tu jaani pamoja na wengine kwa sababu ya harufu ya kijana wa Nairobi asiyemjua.

Na tuhuma nazo zina ukatili wake hata kwa wakubwa. Daniel Naroditsky, Mmarekani aliyewafundisha sataranji maelfu ya watu mtandaoni bure, nami nikiwa mmojawao, alishukiwa hadharani mara kwa mara na bingwa mwingine wa zamani wa dunia kwamba anaiba. Alikana mpaka mwisho, na hakuna ushahidi ulioletwa uliomtia hatiani. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Siunganishi hili na lile, sina haki hiyo. Nasema tu kwamba miezi yake ya mwisho mwalimu wangu yule aliitumia akijitetea, na nilimwona amechoka.

Marehemu baba alikuwa mtu wa bao. Alikuwa akinichukua Mkunguni mbele ya ngome nikiwa mdogo, ananikalisha karibu na mguu wake. Bao lina kete 64 na mashimo 32, na kila kete inayotembea inasindikizwa na macho ya watu kumi waliosimama, wote wanajua hesabu, wote wana maneno. Ukipitisha shimo moja bila kutia, mzee aliyeonekana amesinzia atafumbua jicho na kukurudisha. Sidhani wazee wale walikuwa waaminifu kuliko vijana wa leo. Walikuwa wanaonekana. Na aliyeshindwa alishindwa kati ya watu wanaomjua, wakamtania, kahawa ikaja, kesho akarudi. Mtoto wa kakangu alikuwa akishindwa saa nane za usiku, chini ya chandarua, peke yake, na mtu asiye na uso.

Kesho Jumamosi. Nitalifungua daftari la kijani ukurasa uleule na kuwaambia wasichana nilichogundua, na kwamba niliwafundisha jambo lisilo kweli. Msichana mmoja, namjua, ataniuliza kama hatua ya farasi sasa imekuwa mbaya. Nimelifikiria tangu Magharibi. Hatua ni nzuri, bado nikiitazama nashtuka. Lakini nilikuwa nimempa mtu shukrani yangu, na sijui niipeleke wapi.

Nimemwambia mtoto wa kakangu naye aje, saa kumi, tucheze ubaoni. Aliuliza kama nitawaambia wasichana habari zake. Nikamwambia kwa kinywa changu hawatasikia. Akafikiri, akasema atakuja, na ataleta ule ubao wake wa kukunja kwa sababu wetu mmoja umevunjika bawaba.