Nilivyowamaliza ubishi wenzangu kuhusu lori la Africa Hinterland

Mimi ni dereva wa yale malori makubwa ya watalii wa kupiga kambi, tunatoka Nairobi tunashuka mpaka Cape Town. Sasa kuna stori nilikuwa naipiga gereji na kila nikiipiga nachekwa, kwamba miaka ya 80 mwishoni mpaka mwanzoni mwa 90 kulikuwa na kampuni inaitwa Africa Hinterland, inatafuta wateja London kama kampuni yoyote ya safari, inawaleta Nairobi wapande lori waende zao kusini, kumbe kampuni ni ya ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, na chini ya viti kuna silaha za Umkhonto we Sizwe, jeshi lake. Abiria hawajui kitu, wao na twiga tu.

Ubishi wa wenzangu ulikuwa kwenye uzito, maana kila safari ilibeba kama tani moja, jumla zikapita kama tani 40. Fundi wetu ndo alikuwa king'ang'anizi, "kaka tani nzima iko chini ya makalio ya watu na hakuna anayeshtuka? Acha kamba."

Basi nikawa na saruji ya kupeleka saiti, nyumba yangu naijenga kidogokidogo, na lori limetoka sevisi linatakiwa kujaribiwa barabarani, bosi akaniruhusu. Mifuko 20 ya kilo 50, hiyo ndo tani. Nikailaza chini kwenye maboksi ya mabenchi, kulia kumi kushoto kumi, pale tunapoweka mahema, nikarudisha mito juu. Nikamwita fundi bila kumwambia kitu, nikamuuliza lori likoje. Akazunguka, akachuchumaa akachungulia springi za nyuma, akapiga tairi teke, akasema liko tupu hili. Nikamwambia panda, kaa hapo, haya sasa nyanyua huo mto. Alikaa kimya kwanza, halafu akaanza kucheka mwenyewe.

Na wale wenzetu wa Africa Hinterland sehemu zao za kufichia zilijengwa makusudi kwa kazi hiyo, sio maboksi ya mahema kama yangu. Mzigo ulikuwa unapakiwa Lusaka, ambako ANC walikuwa na makao yao makuu.

La boda wala sikuhangaika kulielezea, dereva yeyote anajua afande akiona lori limejaa wazungu wenye kaptula anashughulika na pasipoti na mihuri, nani aanze kuwashusha wote na mabegi yao juani? Ndo maana madereva walikuwa wageni waliojitolea. Ila msidhani pasipoti ya nje ilikuwa kinga, Alex Moumbaris alikuwa raia wa Australia na mwaka 1973 alipigwa miaka 12 kule Pretoria kwa kuwasaidia ANC, pamoja na Sean Hosey wa Ireland aliyepata mitano. Moumbaris alitoroka jela Desemba 1979 na wenzake wawili, funguo walichonga za mbao, hiyo nayo fundi haamini lakini siwezi kuijaribu.

Kinachonisumbua mimi ni wale abiria. Kazi ilikuwa ya haki, sibishi, lakini mtu amelipa nauli yake aone simba na amekalia mabomu bila kuulizwa, mimi ningeshindwa kuwaangalia usoni jioni tukila.

Fundi sasa hivi stori anaisimulia yeye, na kwake tani zimeshafika 100.